Kadi ya Fundi wa Majeneza

Mwaka wa 1974, nikiwa na miaka kumi na miwili, baba yangu alifariki na shule yangu ikaishia hapo. Darasa la tatu. Alizikwa kwetu Bungoma ndani ya sanduku la mbao za kuokoteza, bila kitambaa ndani. Mwaka uliofuata nilipelekwa Kitale kwa shangazi, na kazi ya kwanza niliyopata ilikuwa kushona bitana, kitambaa cha ndani ya majeneza, kwa mzee mmoja mtaani Tuwan. Wasichana wengine waliikimbia kazi hiyo. Mimi sikukimbia. Nilikuwa nimeshaona mtu aliyelazwa kwa mbao tupu.

Nilishona miaka tisa. Kisha nikajifunza msumeno, randa na vanishi. Wanaume walicheka. "Ati mwanamke anatengeneza jeneza! Nani atakubali kulala humo?" Wamelala wengi, na wawili kati ya hao waliocheka wamo. Mzee alipochoka nikanunua vyombo vyake, nikaendelea. Hakuna mtu alinishika mkono.

Miaka michache iliyopita karakana nyingine ilifunguliwa karibu na mochari. Wenyewe waligawa kadi za biashara zinazong'aa kila mahali, na wateja wangu wakaanza kupungua. Nusu ya kazi yangu ilitoka Bungoma, na huko mtu humfuata fundi aliyesifiwa na jirani. Nilikuwa na mafundi watatu wenye watoto. Niliona wazi kwamba Bungoma ikinipotea, nitafunga mlango.

Basi nikaenda mjini kwa kijana anayechapisha kadi.

"Kukhu, hii niachie mimi," akasema. Kukhu kwetu ni nyanya. "Nitakutolea kitu kali, hao wengine wakimbie."

Akaweka rangi ya dhahabu, picha ya jeneza, maua pembeni, maneno mbele na nyuma. Akanigeuzia kompyuta nikague. Sasa hapa niseme jambo ambalo nililificha miaka mingi: mimi nasoma polepole, herufi kwa herufi, kama mtu anayechambua maharagwe. Kijana alikuwa ananitazama, na nyuma yangu kulikuwa na wateja wengine. Nikakagua namba ya simu peke yake. Nikasema, "Iko sawa. Chapisha."

Wiki hiyo hiyo nilipeleka jeneza na msalaba wake Bungoma kwa familia iliyofiwa na binti. Mwaka huo huo walikuwa wamemzika kaka yake, na jeneza lake pia nililitengeneza mimi. Tulipomaliza kulishusha, nikampa baba wa marehemu kadi tatu, nikijiona mtu mkubwa. Aliitazama moja, akaigeuza, akasoma maneno ya chini kabisa kwa sauti, kama haamini.

"Asante kwa kutuchagua. Karibu tena."

Yule kijana alikuwa ameyachukua maneno anayowawekea wenye hoteli na saluni. Watu waliokaa hemani walisikia. Shangazi wa marehemu akainuka.

"Ati turudi tena? Mama, nani amebaki umpime? Si uchukue kabisa vipimo vya huyu mdogo wao, tukupunguzie safari!"

Nilipanda pikapu, nikarudi Kitale.

Mafundi wangu waliposikia walisema kosa ni la kijana. "Si ni yeye aliandika, bana?" Nikawaambia, "Mimi ndiye niliyesema iko sawa." Kadi zote zilizobaki nilizitia motoni pamoja na maranda ya mbao.

Asubuhi iliyofuata, kabla ya mazishi, nilirudi Bungoma. Sikwenda kwenye kiti cha mgeni. Niliketi chini na wanawake, mpaka baba wa marehemu akaja kuniuliza nimefuata nini.

"Mzee, ile kadi niliipitisha bila kuisoma," nikasema. "Sijui kusoma vizuri. Niliona aibu kuuliza, na aibu yangu imewaumiza ninyi. Naomba mnisamehe."

Akauliza swali ambalo sikulitegemea.

"Na jina la binti yangu pale kwenye msalaba, nani aliliandika?"

"Mimi. Mlinipa karatasi, nikaifuata herufi moja moja."

Akaondoka, akaenda kusimama mbele ya msalaba. Niliona midomo yake ikisogea. Aliporudi alisema, "Liko sawa."

"Hilo nililirudia mara nne, Mzee."

"Basi kaa," akasema. "Kaa mpaka tumzike."

Nikakaa. Shangazi wa marehemu hakunisalimia siku hiyo, na hajanisalimia mpaka leo. Sina neno naye.

Kadi ya pili niliipanga mwenyewe. Karatasi nyeupe isiyong'aa, herufi nyeusi kubwa ambazo mtu aliyelia macho yakavimba anaweza kuziona. Mbele kuna kazi, mahali, na namba ya simu inayoshikwa na mtu saa zote. Picha hakuna, maana hakuna anayehitaji kuonyeshwa jeneza. Nyuma kuna mistari miwili tu ya kujaza: urefu, mabega. Watu wetu huja na vipimo kwa kamba ya katani iliyofungwa fundo, na njiani fundo hulegea, au mtu anasema marehemu alikuwa kama huyu, anamnyooshea kidole ndugu aliye hai. Ni vibaya. Sasa wanaandika. Kabla ya kuchapishwa niliisoma yote kwa sauti pale dukani, kidole juu ya kila herufi, na watu wakingoja nyuma yangu. Wangoje.

Simgawii mtu njiani, wala hospitalini. Nampa aliyekuja mwenyewe, na ni baada ya mazishi. Yule baba alikuwa wa kwanza kuniomba nyingine, ampelekee jirani yake. Bungoma bado wananipigia.

Leo nina karakana moja Tuwan, ya mabati, na ploti yake ni yangu. Mashine moja ya kupasua mbao. Randa nne. Pikapu moja, kuukuu. Mafundi watatu, wale wale. Ekari moja na nusu ya mahindi Kiminini, na nyumba ya vyumba vitatu yenye sakafu ya simiti. Ng'ombe wawili, mmoja anakamuliwa. Miwani ya kusomea.