Shemeji Alipoacha Kutetemeka

Mwanaume aliyenichoma kisu hakunitukana. Aliniambia, "Samahani shemeji, sogea kidogo," kwa sauti ya mtu anayeomba kupitishiwa chumvi.

Kisha akakiingiza.

Kaeni vizuri, jamani. Hii sikusimuliwa. Kovu ninalo mwenyewe, liko ubavuni kushoto, na baridi ikianza linanikumbusha.

Mimi nafanya kazi machinjioni. Wenzangu wananiita Nyundo, na jina hilo sikupewa kwa kupigilia misumari. Nina hasira za karibu sana. Mwenzangu mmoja aliwahi kunirushia utumbo usoni kwa mzaha. Nilimpiga mpaka akatema meno kwenye mfereji wa damu, na uongozi ukaniambia nikirudia nifungashe virago.

Shemeji, mume wa dada yangu, tulikuwa naye hapo hapo. Alikuwa mchunaji wa ngozi.

Hasira zake zilikuwa za aina nyingine. Yeye akipandwa, sauti inafika barabarani na mikono inatetemeka. Sasa mchunaji akitetemeka anatoboa ngozi, na ngozi yenye matundu haina mnunuzi. Wakamnyang'anya kisu, wakampa mpira wa maji aoshe sakafu.

Aibu ile aliibeba akaenda kuitua nyumbani.

Dada ndiye aliyenilea. Kunilisha yeye, kunifunza yeye, makofi yeye. Siku moja nilipita kwake nikamkuta mkono umevunjika, jicho limefumba.

"Ni nani?" nikauliza, kama vile sijui.

"Angekuwa na shabaha ningekuwa kaburini," akasema, eti anacheka. "Akiwa na hasira halengi. Nyingi zimeishia ukutani."

Nikautazama ukuta. Ulikuwa na matundu ya ngumi kuanzia dirishani mpaka mlangoni.

Sikuaga. Nilikwenda moja kwa moja kazini, nikamkamata shemeji kwenye korido ya ndoano, nikamgonga kichwa kwenye nguzo, kisha nikamtundika kwa mkanda wa aproni yake palepale tunapotundika nusu za ng'ombe. Alikuwa anarusha miguu na kupiga yowe. Nilikuwa namchapa na ule mpira wake wa maji na, Mungu anisamehe, nilikuwa nafurahi.

Watu walimshusha, wakasema ni ugomvi wa kifamilia, na hakuna aliyeufikisha kwa uongozi. Dada akahamia kwangu, mkono ukiwa kwenye plasta.

"Niapie hutamgusa tena," akaniambia. "Ukimuua utafungwa. Mimi nina nani mwingine?"

"Dada, yule—"

"Niapie!"

Nikaapa. Lakini nilijijua. Kiapo changu kilikuwa na nguvu ya uzi wa buibui.

Hapo ndipo akaja daktari.

Mwanamke mfupi, koti jeupe, maneno machache. Alikuwa mtafiti. Alitaka watu wanaofanya kazi na visu katikati ya kelele, maana kwetu vidole hukatika kila mara. Alitukusanya akasema kwenye majani ya chai kuna asidi amino inayoitwa thianini. Inasemekana inamtuliza mtu bila kumletea usingizi, na akili inabaki kwenye kazi. Alikuwa anataka kuipima kama ni kweli.

"Nusu yenu mtameza thianini kwenye vidonge. Nusu mtameza wanga mtupu," akasema. "Na msiniulize nani anameza nini. Hata mimi nimefichwa."

"Daktari gani hajui dawa anayotoa?" mtu akadakia, tukaangua kicheko.

"Daktari asiyetaka kujidanganya," akajibu.

Mimi nilijiandikisha kwa sababu ya kiapo. Shemeji alijiandikisha kwa sababu alitaka kurudishiwa kisu.

Chumba cha vipimo kilikuwa stoo ya zamani ya chumvi. Kuna mashine yenye kioo: mishale inapita, unabonyeza upande inakoelekea. Kuna pamba unatafuna kidogo, mate yako yanakwenda kupimwa. Na kuna ile hesabu. Balaa tupu!

Unatumbukiza mkono kwenye ndoo ya barafu, halafu unaanzia mia nne unatoa kumi na saba, unaendelea kutoa kumi na saba, kwa sauti. Daktari amekukazia macho. Ukikosea tu:

"Umekosea. Anza upya."

Siku ya kwanza nilitaka kumrushia ndoo.

Nyumbani dada akawa ananifanyisha mazoezi. Anakaa kwenye kigoda na mwiko mkononi, plasta mapajani, sura ameikunja kama daktari mwenyewe.

"Mia tatu themanini na tatu," naanza. "Mia tatu sitini na... na saba."

"Umekosea! Anza upya!" Na mwiko wa goti juu yake.

Tulicheka mpaka machozi. Sikumbuki mara ya mwisho tulikuwa tumecheka hivyo.

Na jamani, vidonge vilinikubali. Hivyo ndivyo nilivyoamini. Mtu akinikanyaga, namwangalia tu, nahesabu moyoni. Mwenzangu wa utumbo akanitania tena, nikamwambia "poa." Akakimbia! Alidhani namvizia.

Shemeji naye akabadilika. Kelele kwishnei. Mikono ikatulia tuli. Siku waliyomrudishia kisu alichuna fahali mzima bila tundu hata moja, na msimamizi akaita watu waje kuitazama ile ngozi.

Habari zikamfikia dada.

"Nimemsikia kwenye simu," akaniambia. "Hapandishi sauti tena."

"Amekuomba msamaha?"

Akachezea kingo za plasta.

"Hajaomba. Lakini ametulia. Na kama wewe, Nyundo mzima, umewezekana, yeye atashindwaje?"

Ushahidi wake nilikuwa mimi.

Plasta ilipotolewa, akarudi kwake.

Basi siku moja ya mapumziko, asubuhi jua likiwa limeshapanda, nikaamua kumpelekea cherehani yake. Ile ya kuzungusha kwa mkono, ya chuma kitupu, ilikuwa imebaki kwangu. Nikaibeba begani.

Nilipofika mlangoni nikasimama.

Hapakuwa na kelele. Zamani ungemsikia shemeji kabla hujaiona nyumba. Siku hiyo kimya, isipokuwa maji yanachuruzika ndani na mlio mmoja.

Shwaa. Shwaa. Shwaa.

Mtu wa machinjioni haambiwi huo ni mlio gani. Ni kisu kwenye chuma cha kunolea. Na kuna namna mbili za kunoa. Katikati ya kazi unanoa haraka haraka, ilimradi makali yarudi. Lakini kabla ya kukata kwa mara ya kwanza, mnyama akiwa ameshafungwa, unanoa taratibu, kwa mwendo mmoja, huku unamtazama.

Huu ulikuwa wa taratibu. Na leo hakuna kazi.

"Dada!" nikaita.

Mlio ukakoma. Kisha ukaendelea, mwendo ule ule.

Nilipiga ule mlango kwa bega la pili mara kadhaa mpaka komeo likang'oka na ubao wake.

Dada alikuwa kwenye kiti katikati ya chumba, kitambaa mdomoni, mikono na miguu imefungwa lile fundo letu la kufungia ndama. Sakafu imetandikwa plastiki. Mpira wa maji umeingizwa kupitia dirishani. Shemeji amesimama na aproni yake ya kazi, safi, ameipiga pasi.

"Karibu shemeji," akasema. "Kwa nini hukubisha hodi?"

"Unafanya nini?"

"Alinidhalilisha kwa kuondoka. Wewe ukanitundika kama mzoga. Zamani nilikuwa nakurupuka, nakosea." Akaupandisha mkono wenye kisu niuone mwenyewe. Haukutikisika hata kidogo. "Nilikuwa nasubiri nitulie."

Niliogopa. Nasema wazi, katika ugomvi wote wa maisha yangu hapo ndipo nilipoogopa kweli, maana sikuona hasira ya kupambana nayo.

Akamgeukia dada, akamshika nywele, akakiinua kidevu. Nikaruka katikati yao na ile cherehani.

"Samahani shemeji, sogea kidogo."

Kisu kikapita katikati ya mbavu, pale pale alipotaka kipite. Sikusikia maumivu mwanzoni, nilisikia joto tu, shati likinigandia. Akakichomoa kwa ustadi, akakielekeza shingoni mwangu.

Nilimshushia cherehani kwenye kifundo cha mkono. Mfupa ukalia, kisu kikaanguka. Hakupiga yowe. Aliinama akitaka kukiokota kwa mkono wa pili! Nikamshushia tena, sasa begani, tukaanguka wote wawili kwenye plastiki, damu yangu ikitutelezesha. Akanitia kidole kwenye jeraha, akakizungusha. Mimi nikamng'ata sikio mpaka meno yakakutana. Nikampiga kichwa cha pua, nikampiga kingine, nikasikia kitu kikimomonyoka usoni mwake, mwisho nikampata chini, goti langu kifuani pake.

Na kisu nikawa nacho mimi.

Ndugu zangu, nisiwafiche. Nilitaka. Mkono wangu ulikuwa umeshapanda juu. Nilijua pa kukata, kazi yangu ni hiyo hiyo.

Kiapo kikanijia. Nikajiambia, Nyundo, umemeza kidonge asubuhi, dawa imo mwilini, ipe nafasi ifanye kazi.

"Mia nne," nikasema.

Shemeji akanitazama kama nimerukwa na akili.

"Mia tatu themanini na tatu. Mia tatu sitini na sita." Nilikuwa nalia, kisu kinatetemeka, mkono hautaki kushuka wala kurudi. "Mia tatu... mia tatu hamsini..."

Nyuma yangu nikasikia sauti. Dada alikuwa amejisugua kwenye kiti mpaka kitambaa kimemtoka mdomoni.

"Umekosea," akasema, sauti imemkauka. "Anza upya."

Nikaanza upya.

Majirani walipoingia walinikuta nimekaa juu ya mtu, nimeloa damu, nafanya hesabu za kutoa, na dada ananisahihisha huku amefungwa kitini. Wanasema nilikataa kuachia kisu mpaka nimalize.

Nililazwa. Pafu lilikuwa limeguswa. Daktari wa upasuaji alisema aliyenichoma angesogeza ncha kidogo tu, tusingekuwa tunaongea.

Kesi ikaja. Shemeji akaingia na bandeji usoni, ametulia vile vile, akamwambia hakimu: "Mheshimiwa, nilipewa dawa za majaribio. Sikuwa mimi."

Watu mahakamani wakaanza kunong'ona. Wengine wakamwonea huruma!

Akaitwa mtafiti wetu aje ajieleze, nikasema moyoni, hapa sasa. Nami nilikuwa na langu la kumshukuru: dawa ile ile ndiyo iliyonizuia nisiue.

Alikuwa ameruhusiwa na wakubwa zake kutaja sisi wawili tulikuwa tunameza nini.

"Mshtakiwa alikuwa anapewa thianini," akasema. "Aliyechomwa kisu alikuwa anapewa wanga."

"Wanga?" Nilisimama, nyuzi za kidonda zikanivuta. "Unga mtupu? Miye?"

"Kaa chini!" hakimu akanikemea.

Akamgeukia daktari. "Je, kitu hicho ndicho kilichomtuma mshtakiwa?"

"Hapana, Mheshimiwa. Labda kilimtuliza kidogo, labda hata hilo hakikulifanya. Hesabu zangu ni za kundi zima, hazimsemei mtu mmoja. Lakini sijapima kitu chochote kinachompa mtu nia. Plastiki aliinunua mwenyewe."

Shemeji akaitazama mikono yake. Mmoja ulikuwa kwenye plasta, kama wa dada ulivyokuwa. Akafungwa miaka ambayo itatosha.

Tulipotoka nje nilikuwa nafoka kama sufuria. Wiki zote zile nimejigamba dawa imenikubali, kumbe nakula unga!

Dada akanikamata mkono.

"Siku ile ni nani aliyekuzuia?"

"Nilidhani ni kidonge."

"Unga haujui kuhesabu, mdogo wangu," akasema. "Na wewe hujui vile vile. Lakini ulijaribu."

Akaanza kucheka, kisha akalia, akaniegemea upande usio na jeraha. Tukabaki hivyo kwenye ngazi za mahakama, watu wanatupita.

Machinjioni tuna msemo: chuma cha kunolea hakiulizi kisu kinakwenda kukata nini. Mtu ukimnoa akatulia, atalifanya kwa utulivu lile lile lililokuwa moyoni mwake.

Kwa hiyo wewe unayesoma hapa, na yule wako ameacha kupiga kelele, usikimbilie kufungua mabegi. Kutulia si kutubu. Mngoje kwanza aseme nimekosa, bila kuulizwa, na aseme amekosa nini.

Mimi bado nina hasira za karibu. Dada anaishi kwangu, cherehani ina pengo kwenye gurudumu lakini inashona. Nikipandwa, naanzia mia nne. Sijawahi kufika mwisho bila kukosea, na yeye hajawahi kuacha kuniambia nianze upya.