Jirani wa Dirisha la Mkabala

Jirani wa dirisha la mkabala hakati kitambaa kabla ya kukilowesha. "Pamba haiaminiki mpaka inywe maji," humwambia Swabaha, na kichochoro kilicho kati yao ni chembamba hata hana haja ya kupaza sauti. Kwa hivyo Swabaha akiona kitambaa kizima kimeanikwa kwenye kamba ya dirishani, hujua gauni liko njiani. Jirani hupima kwa shibiri, pini amezibana midomoni, na kila mshono ukiisha hukipiga cherehani kofi dogo, kama hamali anavyomsifu punda. Lakini tangu kiharusi kiulegeze mkono wake wa kulia, kamba ilibaki tupu, na binti yake alishasema cherehani kiuzwe, madera yamejaa tele sokoni Marikiti.

Juzi kamba ikavaa kitambaa cha samawati. Alasiri Swabaha alisikia gurudumu likizunguka, likikwama, likizunguka tena. Akachungulia. Jirani alikuwa ameufunga ule mkono mlegevu kwenye mpini wa cherehani kwa kipande cha leso, ukitaka usitake. Mshono ukapinda, akaufumua, akashona upya. Swabaha akaacha chapati ziungue. Mwisho kofi likalia, na punde jirani akasimama dirishani amelivaa gauni lake.

"Waona, Swabaha?"

"Naona, mama! Mashallah!"

Swabaha akapiga vigelegele, madirisha ya chini yakaitikia. Jirani akangoja vitulie.

"Haya basi. Kile kitambaa cha Idi unachonificha tangu niugue, kiloweke leo."