Kondoo wa Mlango

Mimi sikusoma sana. Niliishia kusoma kitabu na kuandika barua, na wajukuu wangu wakiucheka mwandiko wangu nawaambia: huu nilifundishwa na mtu aliyefundishwa na Mdachi, huyo mnayemwita Mjerumani, nyie wenu mmefundishwa na nani? Lakini lipo jambo lililonichanganya nikiwa binti, na uzee haujalinyoosha.

Kwetu ni upande wa Kimandolu. Kila mwaka mchungaji Mdachi aliwauliza maswali watu wa darasa la ubatizo, na asiyejibu hakubatizwa Pasaka. Alirudishwa kukaa mwaka mzima na watoto. Mimi nilikwisha rudishwa mara moja, na mdogo wangu akabatizwa mbele ya macho yangu. Mara ya pili nisingeivumilia.

Mwalimu wetu, mtu wa kwetu aliyejua Kidachi, aliandika ubaoni maneno matatu ya Kiswahili: sadaka, kafara, dhabihu. Akasema, "Mchungaji atauliza kondoo wa Pasaka ni lipi kati ya haya." Kisha akafuta ubao bila kutuambia ni lipi. Nadhani naye hakujua.

Kiswahili kwetu kilikuwa lugha ya kuuzia vitu. Basi nilipopeleka maziwa mjini, karibu na boma la Wadachi na askari wao wa bunduki, nikamwuliza mama mmoja wa pwani, mteja wangu.

"Shikamoo mama. Kafara ni nini?"

"Marahaba mwanangu. Kafara mwenyewe haili. Ukiila umejirudishia balaa lako. Sadaka unawapa watu." Akaonja maziwa. "Leo yana maji haya."

"Hayana maji, mama. Na dhabihu?"

"Dhabihu ni cha kuchinjwa. Hata kuku wangu wa jana. Na maji yamo."

Nikapanda kurudi nyumbani kichwa kizito kuliko kibuyu. Wana wa Israeli walimla kondoo wao wenyewe, basi si kafara. Kilichobaki walikichoma moto, hawakumpa maskini, basi si sadaka. Na kama ni dhabihu, ana tofauti gani na kuku wa yule mama?

Baba alikuwa hajaingia dini. Nikamsimulia yote: dume la mwaka mmoja lisilo na kilema, damu kwenye miimo ya mlango, mfupa usivunjwe. Alikuwa akiitikia vizuri, mpaka kwenye damu.

"Damu waliitoa wapi?"

"Kwa kondoo, baba."

"Kondoo wa jambo kubwa hivyo anazibwa pumzi. Damu inabaki ndani. Au walimchoma kisu kama mbuzi wa kula tu?"

 Siku zote mimi nilimwona kondoo yule akizibwa pumzi, kama wetu. Sikuwahi kujiuliza damu ilifikaje mlangoni.

"Watu hao siwaelewi," baba akasema. "Haya, nani alimla?"

"Wenye nyumba, kila mlango na wake."

"Sisi mnyama tunamwita kwa wanaomla. Yupo wa mzazi, yupo wa wazee, yupo wa kupatanisha. Huyo ni kondoo wa mlango. Kamwambie Mdachi wako."

Siku ya maswali wenzangu wawili walijibu sadaka. Mchungaji akatikisa kichwa, na kichwa kile sikukijua, maana alikitikisa vilevile akikubali na akikataa. Ikafika zamu yangu. Nikasimama, nikasema kwa sauti.

"Bwana, hakuna hata moja. Ni kondoo wa mlango, kwa sababu aliliwa na wenye mlango."

Akaacha Kiswahili. Akasema Kidachi kirefu, uso umemwiva, kidole kikipiga kitabu. Mwalimu akasikiliza mpaka mwisho, akanigeukia.

"Anasema kwao neno ni moja tu kwa haya yote matatu. Na anasema utabatizwa."

Watu wenye bunduki zote zile, na neno moja. Nilishangaa hata nikasahau kufurahi.

Pasaka ilipofika jina langu liliitwa. Orodha ya majina aliiandika mwalimu kwa mkono wake, na mchungaji alisoma kilichoandikwa. Maji yakaniingia sikioni, yakakaa humo kutwa. Baada ya ibada nikamfuata mwalimu nyuma ya banda la kanisa.

"Mwalimu, yale maneno ya mchungaji yalikuwa marefu. Wewe ulinipa mawili."

"Alisema mengi," akajibu. "Nilikupa yanayokufaa."