Kadi Iliyokuwa Ikisubiri

Mume wangu aliendesha malori miaka thelathini, kisha sukari ikaondoka na mguu wake wa kulia. Wenzake wakistaafu hupanda mchicha. Wangu anaendesha lori lililomo ndani ya kompyuta, katika chumba alichokuwa akilala kitinda mimba wetu kabla hajaolewa mbali. Usukani wa plastiki ameukaza mezani, mafuta anakanyaga kwa mguu wa kushoto. Ukimwita chakula anakwambia, "Ngoja nimalize kona."

Msinicheke. Hata mimi nilidhani akili zimemruka. Lakini kila Jumamosi alasiri binti yetu huwasha kompyuta yake huko aliko, wakasafiri pamoja, yeye mbele, baba yake nyuma, wakiongea kupitia spika. Kwa simu hawa wawili hawajui kuongea. "Hujambo?" "Sijambo, baba." "Haya, huyu hapa mama yako." Barabarani ndipo wanapofunguka. Siku moja nikipita na ufagio mlangoni, ndipo niliposikia kwamba mwanangu aliharibikiwa na mimba. Mimi hakuniambia. Iliniuma, sisemi uongo.

Sasa kompyuta ikazeeka. Picha ikawa inakwama na kuruka, mzee anaachwa nyuma, binti anaegesha kando kumngoja. Hilo la kungojwa ndilo lililomchoma.

"Mama watoto," akaniambia, "Jumamosi hii nikiachwa tena, naizima moja kwa moja. Simchoshi mtoto."

Nikaingiwa na hofu, maana namjua, akisema amesema. Na bila barabara ile, mtoto angebaki na nani wa kumwambia mambo yake?

Mzee akafanya alilolizoea: lori likishindwa mlima, litie injini kubwa. Akaagiza kadi ya picha, ile inayochora kila unachokiona kwenye skrini, kubwa kama tofali, ina feni tatu. Ikawekwa. Picha ikaruka vilevile. Basi akafanya kosa la pili la kidereva, akashusha mzigo. Akafuta ukungu, akafuta vivuli na miti, milima ikabaki kama maboksi. Wapi. Asiyeuliza hanalo ajifunzalo, na mimi ndiye ninayeishi naye.

Alhamisi nikamwita fundi, mwanamke mwembamba ambaye mtaa mzima unamwita Bi Bisibisi, kwa kuwa bisibisi yake huichomeka kwenye nywele. Hakufungua kitu.

"Endesha, mzee," alisema, akavuta kigoda. Mzee akaendesha, fundi akitazama namba mbili pembeni mwa skrini. Akazitazama muda mrefu, kidevu mkononi, utadhani anasikiliza mvua.

"Kadi iko asilimia thelathini na tano, inapiga miayo," akasema. "Prosesa iko mia, inatokwa jasho."

"Hiyo prosesa ndiyo nini?" nikauliza.

"Ndiyo inayofikiri, mama. Kila gari barabarani, liende wapi, lisimame lini, yenyewe ndiyo inaamua. Ikishaamua, kadi inachora. Hii yenu ni ya zamani, inafikiri polepole."

"Kwa hiyo dude langu lote hili..." mzee akaanza.

"Linasubiri tu kuambiwa lichore nini."

Kusubiri mimi nakujua. Miaka thelathini chakula kimefunikwa mezani, sikio liko barabarani. Nikaionea kadi ile huruma, ingawa mtu akiniuliza nitakana.

"Jumatatu irudishe dukani," fundi akasema. "Chukua ya kati, na prosesa mpya inayoingia kwenye bodi hii hii ya kompyuta yenu, viwe na nguvu sawa. Prosesa itafika baada ya wiki mbili."

Mzee akainama. Jumamosi ilikuwa keshokutwa.

"Kwa sasa rudisha milima yako. Milima ni kazi ya kadi, na kadi haina kazi, uliifuta bure. Cha kupunguza ni magari."

"Barabara tupu?"

"Utakuwepo wewe na binti yako."

Akabonyeza hapa na pale, akaizuia na picha isikimbie kupita uwezo wa prosesa. Akaaga.

Jumamosi nilipeleka chai, nikaganda mlangoni. Ukungu ulikuwa ukishuka mlimani taratibu, miti inapita upande huu na huu, lami imelowa, hakuna gari jingine duniani. Kumbe hivi ndivyo alivyokuwa akiviona miaka yote ile ninamngoja. Hakuwahi kunisimulia, nami sikuwahi kuuliza.

"Baba, upo?" sauti ya binti.

"Nipo."

"Leo naona taa zako kwenye kioo changu."

"Kanyaga basi. Niko nyuma yako."

Kisha, bila kugeuka, akakisogeza kigoda kwa gongo lake. "Panda," akaniambia. Kazini walikatazwa kubeba abiria. Neno hilo sikuwahi kulisikia kinywani mwake. Nikaketi, chai mkononi, tukaingia kwenye ukungu.

"Baba, uko na nani?"

"Nimembeba mama yako."

Tukapita kona moja, kona mbili. Taa zake nyekundu zilikuwa mbele yetu tu.

"Mama," akasema, "kuna jambo sijakuambia."

Nilikuwa nalijua.

"Sema, mwanangu," nikamwambia, na mzee akapunguza gia.