Fisi Aliyekataa Nyama

Usiku ule sikuota chochote, maana sikulala. Ndoto ilinijia kesho yake mchana, nikiwa nimejiegemeza kwenye magunia ya pumba katika stoo ya chakula, mikono yangu bado inanuka nyama. Naisimulia kama ilivyonijia, na anayetaka kucheka acheke.

Kwanza mjue kazi yangu. Mimi ni mlishaji katika bustani ya wanyama hapa mjini, na mnyama wangu hasa ni fisi jike tuliyemwita Bi Harusi, kwa sababu aliletwa getini akiwa mtoto, amefungwa kanga kuanzia kichwani mpaka miguuni. Sasa amezeeka. Meno yamekwisha, kiuno hakimnyanyui, na siku hiyo ilikuwa ya sita hajameza chakula. Fisi kakataa nyama! Ukimwambia mtu atadhani unamfanyia mzaha.

Kila banda lina ubao mdogo. Mlishaji anaandika kwa chaki, AMEKULA au HAJALA. HAJALA ikifika siku tatu, daktari wa wanyama huja kumpima, na kwa mnyama mzee kiasi kile sote tulijua angekuja na sindano ya mwisho. Basi mimi niliandika AMEKULA. Siku sita mfululizo. Nyama nilikuwa naitwanga kwenye kinu, namtia mdomoni, anaitema, naifukia nyuma ya banda. Jana yake Dokta Neema alisimama mbele ya ubao akaniuliza, "Zaina, mbona anakonda hivi?"

"Uzee tu, Dokta. Kula anakula."

Alinitazama, akaondoka. Usiku huo ndio niliokesha, nikiuwaza uongo ule mpaka kulipokucha.

Sasa ndoto. Nimebeba sinia la nyama, naelekea bandani. Jua ni kali lakini sina kivuli, na hilo halinishangazi. Nafika mlangoni, napiga hodi. Ndivyo alivyonifundisha Mzee Shomari, mlishaji aliyenitangulia, ambaye alifariki mwaka juzi. Alisema banda la mtu halifunguliwi bila hodi. Tulimcheka kwa kuwaita wanyama watu. Lakini Bi Harusi alizoea, na kila nikipiga hodi huitikia kwa mguno mfupi, ndipo naingia.

Hodi. Kimya. Hodi tena.

"Karibu," inajibu sauti ya mtu.

Mzee Shomari amekaa chini, juu ya nyasi za Bi Harusi, kavaa buti zake za mpira na lile koti la kazi lililobaki kifungo kimoja. Nilifurahi mpaka nikasahau kwamba tulimzika.

"Shikamoo, Mzee."

"Marahaba, mwanangu." Haniangalii. Anaangalia sinia.

Nainama kuliweka chini, na ninapoinuka banda limekuwa wodi. Kuta zile zile za kijani. Mzee amelala kitandani, amekwisha kabisa, na mkononi sina sinia tena, nina bakuli la uji. Hapo nilitaka kuamka. Wodi hiyo naijua. Mzee hakuwa na mtoto, mimi ndiye niliyemuuguza wiki zake za mwisho, na mimi ndiye niliyemlisha. Anageuza uso ukutani, namgeuza kwangu. Anafumba mdomo, namwambia, "Kijiko kimoja tu, Mzee, upate nguvu." Uji unamtiririka shingoni. Muuguzi anapita, ananisifu.

"Nilikwambia nimetosheka," anasema Mzee.

"Ulikuwa unaumwa. Hukujua unasema nini."

"Nilijua. Ukaniongeza kijiko."

Nataka kumwambia kwamba niliogopa, kwamba nilidhani maadamu anameza hawezi kufa. Mdomo wangu umejaa kitu. Natema kiganjani, ni nyama iliyotwangwa. Kitandani sasa amelala Bi Harusi, kafunikwa kanga yake ya utotoni, na yeye pia anageuza uso ukutani.

Mzee amesimama nje ya wavu, mbele ya ubao. Ananinyooshea chaki. Anasema maneno aliyokuwa akiniambia kila asubuhi nilipoanza kazi, nikiwa sijui hata kushika ufagio.

"Andika ulichokiona."

"Nikiandika watamuua, Mzee."

Ananitazama kwa mara ya kwanza. Hana hasira, na hilo ndilo lililoniumiza zaidi.

"Basi kaa naye," akasema. "Mimi nilipoondoka ulikuwa umekwenda kupasha uji."

Niliamka pumba zimenigandia shavuni, nalia. Ni kweli. Hilo sijapata kumwambia mtu yeyote. Alikata roho nikiwa kwenye jiko la wodi, nakoroga uji, nikinung'unika kwamba moto ni mdogo.

Nilikwenda bandani bila sinia. Nikafuta AMEKULA kwa ncha ya mtandio, nikaandika HAJALA, chini yake SIKU SITA, na chini kabisa jina langu. Kisha nikampigia simu Dokta Neema, nikamweleza yote.

"Ungeniambia mapema, Zaina. Anaumia huyo."

"Najua, Dokta. Kosa ni langu."

"Nakuja sasa hivi. Utapenda kuwepo?"

"Utanikuta ndani."

Nikapiga hodi. Bi Harusi hakuinua kichwa, ila aliguna, mguno mdogo sana. Nikaingia, nikakaa kwenye nyasi kando yake. Aliponiona alifumba mdomo kwa nguvu na kugeukia ukutani, kama alivyozoea siku zile sita. Nikamnyooshea viganja vyote viwili, vitupu. Alinusa kimoja, kisha kingine. Akaulegeza mdomo wake, akanilazia kichwa mapajani, na mimi sikunyanyuka tena.