Fundi Sikio atafuta gari la milango minne

Saa tatu asubuhi. Katika yadi ya magari yaliyotumika, mwanamume wa miaka hamsini na mbili ameinamia injini inayonguruma. Mkononi ana bisibisi ndefu. Ncha yake ameigusisha kwenye chuma cha injini, na mpini ameubana nyuma ya sikio la kulia. Macho ameyafumba.

Gari lenyewe ni hachibeki ya kijivu: fupi, milango minne, na wa tano uko nyuma, unafunguka kwenda juu. Ukiliona kwa mbali utasema la kwendea sokoni. Ukiliinamia utakuta turbo, breki pana na viti vya mbele vinavyombana mtu kiunoni asiyumbe kwenye kona.

Dalali wa yadi amesimama kando, funguo kidoleni, kimya. Anajua kwamba Fundi Sikio akifumba macho, hakuna kuongea. Jina hilo la utani alipewa mtaani miaka ishirini iliyopita, alipoanza kutambua ugonjwa wa injini kwa kuisikiliza tu, kabla hata ya kushika spana.

Hatua kama kumi kutoka hapo, kivulini mwa ukuta, mkewe ameketi kwenye kiti cha plastiki. Upande wake wa kulia haufanyi kazi tangu apatwe na kiharusi miezi kumi na minne iliyopita. Mkono wa kushoto uko mapajani, na vidole vinapiga taratibu vikifuata mngurumo wa injini.

Fundi Sikio anasikiliza kwa makini sana. Hasikii kitu.

Gari analotaka kulibadilisha linajulikana mtaa mzima. Ni la milango miwili, limelala chini, mgongo umeteremka mpaka kwenye taa za nyuma. Wenzetu waliobuni magari ya namna hiyo waliyapa jina ambalo kwa masikio yetu ni kupe tu, na majirani hawakuhitaji mkalimani. Kupe kweli: lilimganda mwenyewe miaka kumi na moja likimnyonya mafuta, naye akalipenda hivyo hivyo.

Siku za mapumziko alimpakia mkewe, wakatafuta barabara iliyonyooka. Mkewe alikuwa fundi cherehani, mwanamke mpole ambaye hata chai hunywa polepole. Ndani ya Kupe aligeuka mtu mwingine. "Kanyaga, baba," alikuwa akimwambia mumewe. "Kanyaga, tunazeeka."

Kiharusi kilipokuja, Kupe likawa adui. Kiti kiko chini mno na mlango ni mrefu, hauwezi kufunguka wote penye nafasi finyu. Kliniki ni mara mbili kwa wiki. Kumwingiza mgonjwa ni shughuli ya robo saa, na kumtoa ni zaidi.

"Siku moja aliniponyoka," anasema Fundi Sikio. "Akakwama kati ya kiti na mlango, magoti chini, kichwa kwenye kiti. Watu wanapita. Mama watoto akanitazama tu. Siku hiyo ndiyo nilisema hili gari linaondoka."

Shemeji yake, kaka wa mkewe, alitaka wanunue gari pana la familia, lile la kubebea kila kitu na kila mtu. Fundi alikataa. Kwanza alisingizia kazi: mwenye gari la mbio, alisema, hawezi kumwamini fundi anayeendesha gari la kusambazia sabuni.

Alipobanwa zaidi alitoa sababu yenyewe. "Mwenzangu amebaki na neno moja na nusu ya uso. Hiyo nusu nimeiona ikicheka mara moja tu tangu augue. Nilikuwa namrudisha kutoka kliniki, nikakanyaga kidogo."

Neno lenyewe ni "basi". Kiharusi kiliyafagia mengine yote na kuliacha hilo. Anapewa maji, anasema basi. Anakataa uji, basi. Akimwona mgeni aliyemkosa siku nyingi, machozi yanamtoka na anasema basi. Fundi hutania kwamba mkewe ametaka gari kubwa mpaka limemganda mdomoni. Mtaalamu wa kliniki amewaambia kwamba maneno mengine huenda yakarudi, na huenda yasirudi.

Tatizo la Fundi Sikio ni la zamani kuliko kiharusi hicho. Miaka sita sasa masikio yake yamekuwa yakizima. Nyundo, mashine ya kusagia chuma, injini zilizowashwa bila silensa ndani ya chumba cha mabati: vyote vilichukua chao. Ukitaka kuzungumza naye sharti uketi mbele yake, penye mwanga, akuone midomo. Mwandishi wa makala haya alidhani ni adabu tu ya kumtazama mtu usoni.

Aliyegundua mapema ni mkewe. Cherehani yake ilikuwa mlangoni mwa gereji, na aliijua vizuri kiasi cha kutambua kwa sauti kwamba sindano imeanza kuwa butu. Kila injini iliyoletwa pale aliisikia pia, apende asipende. Siku moja mumewe alisifu injini mbovu mbele ya mteja. Mwanamke akaacha kukanyaga. Gurudumu la cherehani likasimama. Fundi akageuka, akamwona anamtazama, na akamwambia mteja kwamba afadhali aisikilize tena.

Tangu hapo ikawa hivyo. Fundi akiinama na bisibisi, jicho moja liko kwenye gurudumu. Likizunguka, injini ni nzima. Likisimama, ina maradhi. Kwa karibu miaka mitano sifa za Fundi Sikio zilitoka kwenye sikio la mkewe, na kila wiki magari tisa au kumi yaliletwa kukaguliwa.

"Hatukuwahi kulizungumza," anasema. "Hata kitandani. Ningelizungumza ningekuwa nimekubali mimi ni kiziwi."

Kisha mkewe akaanguka. Miezi miwili baadaye, mkewe akiwa bado wodini, mwalimu mmoja wa shule ya msingi alileta gari alilotaka kulinunua kwa akiba ya miaka sita. Alikuwa na swali moja tu: ni zima?

Fundi aliinama na bisibisi yake. Akageuza jicho kwenye cherehani kwa mazoea. Gurudumu lilikuwa limesimama.

"Nikajiambia limesimama kwa sababu mwenyewe hayupo," anasema. Hapo anaifuta bisibisi ambayo haina uchafu. "Nikamwambia mwalimu, chukua."

Siku ya kumi na moja konrodi, ule mkono wa chuma unaoshika pistoni, ilikatika ikatoboa injini barabarani. Hakuna aliyeumia, lakini gari liliburutwa nyumbani na halijawaka tena. Mwalimu hakulalamika. Alikuja gereji na matunda kwenye mfuko, akampa fundi pole ya mgonjwa, akamwambia asijisumbue, vyombo vya moto ndivyo vilivyo. Fundi aliyapokea matunda. Anasema hajawahi kula kitu kichungu kama yale.

Turudi yadini, maana injini ya kijivu bado inanguruma.

Mambo mengine yote Fundi amekwisha kuyakagua kwa macho na mikono. Amelala chini na kuangalia kama gari liligongwa. Amechomoa plagi moja moja. Amenusa oili. Amemkalisha mkewe kiti cha mbele na kumtoa. Dakika tatu, bila kumuumiza. Amejaribu kama kiti cha magurudumu kinaingia nyuma baada ya kukunja siti, na kimeingia. Moyo wake umekwisha kulichukua hili gari. Kilichobaki ni sauti.

Anafumbua macho na kumtazama mkewe. Vidole vinapiga pajani. Mara vinaacha.

Huenda amechoka. Mkono huo huo mmoja unafanya kazi ya miwili siku nzima. Na kutoka pale ukutani, injini ngapi anaweza kuzitenganisha na kelele za barabara? Fundi anangoja vidole vianze tena. Havianzi.

"Basi," anasema mwanamke.

"Mama mwenyewe kasema basi," dalali anadakia, na kuanza kutafuta kalamu. "Tumemaliza. Njoo tuandikiane."

Fundi Sikio anabaki pale na bisibisi yake. Njia ya kuhakikisha anaijua, lakini itamfichua mbele ya mtu anayeongea na kila mwenye gari mjini. Anaogopa, na baadaye hakuficha kwamba aliogopa.

"Nisaidie kiti," anamwambia dalali.

Wanamnyanyua mama na kiti chake mpaka mbele ya boneti iliyofunguliwa. Fundi anaigusisha ncha ya bisibisi kwenye injini, na mpini anauweka taratibu nyuma ya sikio la mkewe. Dalali anatazama. Mwanamke anafumba macho kama alivyokuwa akifumba mumewe. Vidole vinaanza kupiga, moja, mbili, moja, mbili, vinajikwaa. Vinaanza tena, vinajikwaa mahali pale pale. Mkono unasimama.

"Basi," anasema tena, sasa kwa ukali.

"Inagonga kwa chini," Fundi anatafsiri. "Bering za konrodi. Silichukui."

"Wewe umeisikia?" dalali anauliza.

"Yeye ndiye anasikia. Mimi sisikii. Miaka sita sasa."

Dalali anazima injini mwenyewe. Kisha anauliza kuhusu magari yake yote ambayo Fundi aliyakataa miaka ile. Fundi anamwambia aliyakataa mama. Dalali hacheki.

Kabla ya adhuhuri habari ilikuwa imefika kwenye maduka ya vipuri. Wiki hiyo magari mawili tu yalikuja, na mwenye la pili aligeuzia getini. Mtu aliyemjua miaka kumi na tano alipiga makofi nyuma ya kichwa chake kumjaribu kama anasikia, mbele ya watu. Jina la Sikio bado wanamwita, lakini sasa wanapolitaja wanatazamana.

Hachibeki waliyoinunua ni nyeusi, rangi imepauka paani, na imetembea kilomita laki moja na arobaini na nane elfu. Ilikuwa ya mkunga mstaafu, bibi mwembamba aliyeeleza kwamba wajawazito hawasubiri, ndiyo maana alinunua lenye turbo. Bisibisi iliwekwa nyuma ya sikio la mama uani kwa mkunga, bila kujificha. Vidole vilipiga bila kujikwaa. Fundi alipandisha moto, vikapiga mbio. Alipoushusha, vikapunguza. Viliacha alipozima injini, si kabla.

"Basi," alisema mama, na safari hii hata mkunga alielewa.

Kupe lilichukuliwa na kinyozi mmoja asiye na familia. Mama aliligusa mlango lilipokuwa linatoka, kisha akageuza uso ukutani.

Njiani kutoka kwa mkunga, barabara iliponyooka, Fundi alikanyaga. Nusu ya uso wa mkewe ilicheka, na anasema alilazimika kupunguza kwa sababu yeye mwenyewe hakuwa akiona vizuri. Kisha akakunja kona ya kwenda kwa mwalimu.

Mwalimu aliwapokea nje ya geti. Gari lake lilikuwa uani, magurudumu yameisha upepo, kuku wanalala chini yake. Fundi alimweleza yote akiwa amesimama: masikio, cherehani, gurudumu lililosimama siku ile. Mwalimu alisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza kama ni kweli siku ile alikuwa anajua kwamba hasikii. Fundi akajibu kwamba alikuwa anajua.

"Ungeniambia tu husikii, ningekwenda kwa mwingine," mwalimu alisema. "Nisingekuchukia. Na mimi nilikuletea pole."

Hakuwakaribisha ndani. Alikubali jambo moja tu, kwamba gari liburutwe mpaka gereji, akafunga geti.

Sasa injini ya mwalimu inaning'inia kwenye mnyororo katikati ya gereji, na chini yake kuna nyingine iliyotolewa kwenye gari lililopinduka, ambayo Fundi anaijenga upya ichukue nafasi yake. Kila nati anaipima kwa vidole. Hatamdai mwalimu chochote. Anakadiria miezi miwili, maana siku mbili za kila wiki ni za kliniki, na daktari amewaonya kwamba kiharusi kikirudi mara ya pili huenda kisiache hata hilo neno moja. Ndiyo maana ana haraka.

Cherehani imerudishwa mahali pake mlangoni. Pembeni yake ameweka kiti chenye mikono, kimeelekezwa ndani. Mpango wake ni kwamba injini ya mwalimu ikiwaka, mama ndiye atakayeisikiliza, na mwalimu awepo, auone mkono wenyewe. Baada ya hapo ataandika getini kwamba magari hukaguliwa na watu wawili. Atakayetaka aje, asiyetaka aende kwa mwingine, kama mwalimu alivyopaswa kuambiwa.

"Mimi najua kufungua, yeye anajua kusikia," anasema. "Tukigawana, tunatosha fundi mmoja."

Anaugeuza mwili kuelekea kiti cha mkewe na kumuuliza kama atakuwa tayari siku hiyo. Mwanamke anautazama mnyororo, anaitazama injini ya watu, na vidole vyake vinatulia pajani.

"Basi," anasema.

Mwandishi anamuuliza Fundi Sikio hiyo ilikuwa basi ya namna gani.  Amempa mwandishi kisogo, anautazama mkono wa mkewe, na swali halikumfikia.