Mkono wa Tatu Ukutani

Dobi hakuwa mtu wa kuamini mambo ya mizimu. Ukimwambia nyumba fulani ina mashetani, angekuuliza nguo zao wanafua wapi, kisha angeendelea kupiga pasi. Chumba cha mbele kilikuwa cha kazi: meza ndefu iliyotandikwa blanketi, pasi mbili, na kamba iliyofungwa kutoka ukuta huu hadi ule. Chumba cha nyuma walilala yeye na mdogo wake.

Zamani walikuwa watatu. Chiriku, binti wa mdogo wake, alipewa jina hilo kwa sababu mdomo wake haukujua kupumzika. Dobi akiwa kazini, mtoto alimvuta gauni ubavuni, "Mama mkubwa, mama mkubwa," mpaka aitikiwe. Homa ilimchukua upesi mno. Mama yake alilia hadi sauti ikamkauka, na dobi, kwa kuwa lazima mtu mmoja abaki amesimama, hakulia. Alifua mashuka ya msiba, akayanyoosha, akayakunja.

Kuna jambo moja alilifanya bila kumwambia mtu. Aliacha kupokea nguo za watoto. Mteja akileta sare ya shule, dobi alikuwa na sababu tayari: leo pasi kali mno, leo sabuni mbaya, leo mgongo. Uongo mtupu, na wala hakuwa hodari wa kuusema, lakini hakutaka mdogo wake atoke chumbani asubuhi akutane na kigauni kinaning'inia.

Mdogo wake alibaki na kitu kimoja tu cha kumtoa kitandani: katuni ya mtandaoni ambayo Chiriku aliipenda. Ilimhusu mwanamke mpiganaji, Kengele, aliyekuwa akilisaka Zimwi la Chumvi lililommeza mwanawe. Kila juma ilitoka sehemu mpya, na mashabiki walikuwa na kundi lao kwenye simu, wabishi kama watu wa sokoni. Dobi naye alijiunga, eti kumwangalia mdogo wake. Ndani ya mwezi akawa mbishi kuliko wao.

Basi sehemu mpya ikatoka. Kengele amelifikia Zimwi pangoni, mwenge unawaka nyuma yake, upanga ameuinua juu kwa mikono miwili. Picha ikaishia hapo. Lakini kivuli chake ukutani mwa pango kilikuwa na mikono mitatu. Wa tatu ulikuwa mdogo, umechomoza usawa wa kiuno.

Kundi likawaka moto. Dereva wa lori akasema mchoraji alisinzia, pambano litaisha kwa pigo moja. Mwalimu fulani akasema ule ni mkono wa Zimwi, limeshamzunguka Kengele kwa nyuma, na asipogeuka amekwisha. Kisha mdogo wake dobi, ambaye hakuwahi kuandika hata neno moja mle, akaandika: "Ni mtoto wake. Amerudi kumsaidia mama yake kupigana."

Dobi alilisoma hilo mara mbili. Juma lijalo mchoraji angeonyesha mtoto amekufa, kama ilivyokuwa wazi kwa kila mwenye akili, na mdogo wake angemzika Chiriku mara ya pili. Nani angemwokota safari hiyo?

Kundi lile lilikuwa na desturi yake: hoja bila picha haihesabiwi. Ukidai pigo fulani linawezekana, uliigize, upigwe picha, uitume. Dereva aliwahi kuruka kutoka juu ya lori lake akiwa na mwavuli, akachechemea siku kadhaa kwa ajili ya hoja. Dobi akaamua kumaliza ubishi. Angeonyesha kwamba kivuli cha mtu kina mikono miwili, basi.

Jumapili mchana mvua ilinyesha, nyumba ikawa na giza. Dobi akafunga madirisha, akaweka taa sakafuni nyuma yake, akasimama kuukabili ukuta na mpini wa fagio juu ya kichwa. Kwa uchovu akafumba macho.

"Piga upesi," akasema. "Mpiganaji mwenyewe ana mgongo."

Mdogo wake hakucheka. Alipiga picha, akaitazama kwa muda mrefu. "Dada, njoo uone."

Kivuli cha dobi kilikuwa pale, na kichwa, na fagio, na mikono miwili juu. Usawa wa kiuno ulichomoza mkono mdogo, vidole vimetanuka.

"Gauni hilo," akasema haraka. "La mtoto wa mteja, lilikuwa kwenye kamba. Mkono wa gauni umepita mbele ya taa."

"Na vidole?"

"Mikunjo."

Akaituma picha pamoja na maelezo hayo kabla mdogo wake hajasema zaidi. Kundi likampigia makofi. Siku mbili baadaye mchoraji mwenyewe akaandika kwamba ni kosa lake. Alisahau kufuta pindo la joho. Akalifuta, na kivuli cha Kengele kikabaki na mikono miwili. Sehemu mpya ilipotoka, Kengele alilipasua Zimwi tumboni, akakuta kiatu kimoja kidogo.

Dobi alikuwa akinyoosha shuka mdogo wake alipotoka chumbani na simu mkononi. Alimtazama usoni akitafuta machozi, hakuyaona.

"Pole, mdogo wangu. Lilikuwa pindo la joho tu. Kama mkono wetu ulivyokuwa gauni tu."

"Gauni la nani, dada? Wewe hupokei nguo za watoto."

Pasi ikasimama juu ya shuka.

"Ulijua?"

"Nilikuwa nakusikia kutoka chumbani ukiwadanganya watu. Nilikuwa nalia, lakini nakushukuru."

Harufu ya kuungua ikawafikia wote wawili. Dobi akainua pasi, akatazama kamba. Jumapili ile kamba haikuwa na kitu. Kwa sababu ya mvua alikuwa amekunja kila nguo tangu jana yake.

"Simama tena," mdogo wake akasema. "Tafadhali."

Alitaka kukataa. Lakini alifunga madirisha, akawasha taa, akainua fagio. Alikuwa akiogopa waziwazi, na macho aliyafumba makusudi. Kisha gauni lake likavutwa ubavuni, mara mbili, kwa haraka.

"Mdogo wangu, usinivute."

"Sijakugusa, dada." Sauti ilitoka mlangoni, upande wa pili wa chumba.

Hapo ndipo dobi alipolia, kwa mara ya kwanza tangu msiba. Hakufumbua macho. Aliliachia fagio likaanguka, akashusha mkono mmoja taratibu hadi usawa wa kiuno, akauacha wazi.

"Naam, Chiriku," akaitikia.